Kitanda cha Tajiri Hatujampa Mtu

Mgeni rasmi, mama yetu Mkuu wa Chuo, karibu bwenini kwetu. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba, kwa hiyo kaa bila wasiwasi.

TULIKOTOKA

Klabu yetu ilizaliwa na aibu. Fedha ya kujikimu ikiingia, tulikuwa wafalme: kuku, viatu, simu mpya ilhali ya zamani inaita vizuri tu. Mwezi haujafika katikati, tunazugazuga milangoni mwa watu tukinusa sufuria.

Aliyetulisha ni mwenzetu tuliyembandika jina la Tajiri. Ukimwambia una njaa, mkono uko mfukoni. Kumbe mfuko wenyewe ulishatoboka! Aliuza kompyuta, akasema imeharibika. Akauza godoro, akasema mgongo wake unapenda ubao. Tulicheka, mama, tukaendelea kula. Ada ikamshinda, akaondoka tukiwa darasani. Dada yake ndiye aliyetueleza kwamba kaka yake aliona haya kututamkia neno moja tu: sina.

MAFANIKIO

Siku hizi fedha ikiingia tunakaa kwanza, tunapanga matumizi ya muhula mzima, tunatenga akiba, ndipo tunatoka. Na kabla ya kupakua jioni kila mmoja anaulizwa hali. Asiye nacho anasema, "Leo sina," anasogezewa sahani, na hakuna wa kumcheka. Viatu vimepungua, njaa nayo imepungua.

CHANGAMOTO

Ni moja. Tunamkumbuka Tajiri mno. Anawabebea mafundi matofali, na tukimpigia anauliza habari za mitihani kuliko sisi wenye kuifanya. Mlango ukigongwa wakati wa kula, wote tunageuka.

OMBI

Taa na maji tunaviweka kando leo. Usajili unafungwa Ijumaa. Ada yake tumeichanga kutoka kwenye akiba, na godoro liko kitandani pake. Lakini aliyeondoka bila ruhusa harudi bila sahihi yako, mama.

Yeye hatujamwambia lolote, tusije tukampa tumaini la bure. Jana tulimuuliza tu kama angependa kurudi. Akasema, "Natamani, jamani. Lakini sina."

Hatukuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Tumemwomba asizime simu jioni hii.

Mungu aubariki mkono wako, mama, na kalamu iliyomo.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Leo Sina.