Usijisumbue Kuja

Mheshimiwa Diwani wa mtaa wetu, Mwenyekiti wa chama chetu cha Wairani wa Gothenburg, wazee wetu mlioketi mbele, Daktari Hormoz Farivar na mkeo Bibi Shahnoush, nanyi wagonjwa mlioletwa na meno mkabaki kuwa marafiki: nawasalimu nyote, na kuleni wali kabla haujapoa, kwa sababu mimi sitasema kwa ufupi.

Naitwa Mahrokh. Nimekaa mapokezi ya kliniki ya Daktari tangu alipoifungua mpaka alipoifunga Ijumaa iliyopita, akastaafu. Nimeombwa nimsifu. Haya: ana mkono mwepesi, ana subira, na watoto walioingia kwake wakilia walitoka wakimpungia mkono. Mpigieni makofi. Sifa zimeisha, maana nimechoka kunyamaza.

Wiki ijayo mtu huyu anapanda ndege kwenda Shiraz, kule kwetu Iran, kumwona mama yake. Nikimuuliza, "Daktari, huogopi?" ananicheka. "Mimi natoa meno tu, Mahrokh. Watanifunga kwa kosa gani, la kung'oa gego?" Mnacheka! Cheka tu, Bwana Jamshid, si wewe uliyemzawadia sanduku la safari?

Ndugu zangu, hivi sisi tukoje? Tuna pasipoti mbili, basi tunatembea kifua mbele kana kwamba tuna roho mbili. Kaka yangu Kiarash alikuwa nazo mbili. Kazi yake kupima udongo wa mashamba, siasa hata hakuizungumza. Alipotua, wakamwambia kwa zile adabu zetu zote, "Tafadhali bwana, sisi watumishi wako, pita hapa tunywe chai kidogo." Akatoa pasipoti ya Uswidi. Wakamwambia, "Hiyo kaa nayo. Hapa wewe ni wetu." Ofisa wa ubalozi wa Uswidi alipoomba kumwona, naye akajibiwa hivyo hivyo: huyu ni wa kwetu, nyinyi yanawahusu nini? Mpaka leo yumo ndani, na kosa lake kila mwaka lina jina jipya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mama yetu alimkanya. Ndiyo, alimkanya! Lakini simu za kule zina masikio mengi, na mama hawezi kutamka, "Usije, watakukamata." Akasema, "Usijisumbue kuja, mwanangu." Kiarash akaelewa nini? Kile ambacho kila mmoja wenu angeelewa. Kwetu mtu akikuambia usijisumbue, amekuita. Akikuambia usilete kitu, unaleta keki. Ukikaribishwa chai unakataa, unakataa tena, ndipo unapokea. Mama akarudia, akarudia tena. Kaka akasema, "Mwone mama na adabu zake," akakata tiketi.

Daktari, usiniangalie hivyo. Juzi, tukifungasha vitu vya kliniki, ulikuwa unaongea na mama yako, umeweka sauti ya simu juu, nami nipo pale. Alikuambia nini? Sema, wageni wasikie.

Naam. "Usijisumbue." Nawe ukamjibu, "Usumbufu gani, mama, roho yangu iko kwako." Akasema tena. Ukammwagia maneno matamu tena. Mara ya tatu sauti ikamkatika, nawe ukanigeukia: "Unasikia anavyonililia? Ananitamani." Nilitamani kukutupia ile simu!

Sikulala vizuri. Jana nikampigia mpwa wako Golnar, ambaye ametoka kwa mama yako akafika Istanbul, mahali ambapo mtu anaweza kusema. Nikamuuliza bibi yake alikuwa na maana gani. Akalia kwanza. Kisha akanipa ujumbe aliotumwa, na naomba niutoe kama ulivyo: "Mwambieni Hormoz sikuwa nafanya adabu. Ninamtamani mpaka naumwa, lakini namtaka huyu wa kwenye simu. Wa nyuma ya kioo cha gereza simtaki."

Bibi Shahnoush, usilie. Mpe mumeo simu yake. Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni, nimewachosha na wali umepoa, nanyi mmenisikiliza mpaka mwisho, nawashukuru sana. Sasa tunyamaze kidogo, Daktari ampigie mama yake. Na mama akishasema usijisumbue, Daktari wangu, mara ya kwanza tu, mjibu, "Sawa, mama."