Thoya na Hesabu ya Korosho, Barabara ya Soko la Msambweni

Nyote mnaoisimulia habari hii mwaisimulia kombo. Mwasema Thoya hakujua kuhesabu, ndiyo maana akavuliwa unyapara. Leo nyamazeni, mnisikilize mimi Zahoro, mpasua mawe ambaye Kwale nzima hana mwenziwe. Jemima karani ndiye anayeandika. Nimemwambia asiyanyooshe maneno yangu.

Mzee Thoya wa Baya anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1972, baada ya kuitumikia barabara miaka ishirini na saba. Aliingia kazini mwembamba kama mpini wa sururu, na anatoka vile vile, mvi tu ndizo zilizoongezeka. Unyapara alipewa mwaka wa uhuru. Akawa nyapara wa kwanza kula sima sinia moja na sisi, na wa kwanza kuipiga pasi kofia ya kazi. Tulimcheka sana kwa kofia ile.

Siku hizo barabara ya sokoni ilikuwa balaa. Malori ya kutoka Lunga Lunga yanakuja mbio, na watu wanavuka kokote: mwenye kuku, mwenye ndoo, mwenye haraka ya sala. Mwaka 1966 Thoya akawaendea wakubwa. "Nataka barabara ibanwe kwa mawe," akawaambia, "mpaka lori liombe ruhusa kupita." Wakubwa wakacheka, lakini wakamkubalia pahali pamoja tu. Pahali gani, achague mwenyewe.

Watu walivuka zaidi mbele ya msikiti na kwenye njia ya kisimani. Thoya akasema hachagui kwa macho, atahesabu. Kalamu hakuijua, sawa na mimi. Akanunua korosho za kukaanga kwa Waridi, aliyekuwa akiuza pale sokoni, akaleta makopo mawili. Kila mtu akivuka, korosho moja ndani ya kopo. Yeye akakaa msikitini, mimi akaniweka njia ya kisimani, toka alfajiri mpaka alasiri.

Sasa nani humpa Mdigo mwenye njaa mfuko wa korosho? Kosa la Thoya ni hilo tu, jingine hana. Mtu akivuka, moja koponi, moja mdomoni. Adhuhuri mfuko ukaisha, nikaanza kula za koponi.

Alasiri Thoya akachungulia kopo langu. "Zahoro, wanawake leo hawakuteka maji?"

"Leo wana maji majumbani, nyapara."

Akanitazama, akaniamini.

Basi mawe yakaenda msikitini. Niliyapasua mimi, kwa hivyo yalikuwa mazuri. Tukaibana barabara huku na huku, katikati tukainua tuta, tukapaka chokaa. Malori yakawa yanapita pale yananyata kama yanakwenda matangani. Hata kuku hakuguswa. Lakini dereva akishatoka pale anataka kufidia muda wake, anakanyaga mafuta mpaka njia ya kisimani.

Wiki ya tatu Waridi akavuka kisimani na ndoo kichwani. Kichwa chenye ndoo hakigeuki. Lori likamkata mguu wa kushoto.

Akaja mkubwa mmoja na gari, akatupanga mstari. "Nani alihesabu?"

Thoya akatoka mbele. "Nyapara ni mimi, bwana. Hesabu ni yangu."

Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nyote mwajua nina mdomo. Siku ile haukufunguka.

Akavuliwa unyapara, akapewa sururu. Hakulalamika. Kila akitoka kazini alibeba mawe yaliyosalia, moja moja begani, mpaka njia ya kisimani nayo ikabanwa. Ilimchukua miezi minne. Waridi alikuwa akija na gongo lake, anamletea maji ya kunywa na kumtania: "Fanya hima, Mgiriama, mguu umebaki mmoja na bado nautaka!" Toka hapo, miaka sita, hajaguswa mtu pale. Anayesema Thoya hajui kuhesabu na aende akasimame njia ya kisimani, awahesabu walio hai.

Mwaka jana nilimweleza yote. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Zahoro, tumbo lako lingepewa unyapara." Yakaisha.

Mzee Thoya, kikosi kizima kinakushukuru. Nenda Kaloleni ukalale mpaka jua likuamshe. Mungu akupe afya, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakikutuma dukani ukatae.

Jambo moja nimelitia chumvi, na Jemima ameshaweka kalamu ananitazama. Ni pale pa kucheka. Hukucheka, Thoya, kwa sababu sikuwahi kukueleza. Umeyasikia leo, pamoja na wenzako.