Sukari ya Kisimani

Sogeeni wanangu, mketi hapa kitandani hata kama kinalalamika, maana leo sitaki mtu anisikilize kwa sikio la mlangoni; na wewe mkubwa wao, kabla hujakaa, nenda kamwambie yule mwenye mtambo wa kuchimba, uliyemwita bila kuniuliza, auzime, kwani sijafa bado.

Umerudi? Keti. Nyumba hii ni yenu nyote watatu. Cherehani achukue binti yangu, kwa kuwa ndiye pekee ajuaye inapokwama; baiskeli ni ya kitinda mimba, na breki zake azitafute mwenyewe kama nilivyozitafuta mimi. Lakini kisima, wanangu, ndicho kinachoizuia roho yangu isitoke, kwa kuwa nimekijengea uongo, nao nisipoubomoa leo utawazika nanyi.

Mnajua kwamba mimi na baba yenu mdogo, anayekaa nyuma ya ukuta ule, hatujasemezana miaka kumi na tisa. Sababu mnaijua pia, maana niliwanywesha pamoja na uji: ati alitupa magunia ya chumvi kisimani mwetu kwa husuda. Futeni hayo. Hakutupa hata punje. Baba yetu alituachia visima viwili vifupi vya kuteka kwa ndoo, vyenye maji ambayo hata mgonjwa aliyekataa chakula aliyaomba. Mimi nikanunua pampu, yeye akanunua kubwa zaidi, nikachimba futi kumi zaidi, naye akachimba kumi na mbili, tukashindana kama majogoo wanaogombea jaa, hadi sabuni ikagoma kutoa povu, chai ikawa mchuzi usio na nyama, na mama yenu, Mungu amrehemu, akaniambia, "Mume wangu, maharage leo sikuyatia chumvi, na bado yamezidi."

Nami nikafanya nini? Wageni wa baba yenu mdogo walikuwa wakitoka kwake wakisifu utamu wa maji yake, basi nikajisemea: kwangu chumvi, kwake utamu, mchawi ni nani tena? Nikanunua gunia la sukari, nikalimimina lote kisimani mwangu, nami nipate utamu. Wewe unayecheka nyuma ya kanga, nakuona. Majirani walionja wakakunja nyuso; sisimizi wakahamia uani kwa koo zao; na muuguzi wa zahanati akaja na madumu mawili, akasema kwa watoto wanaoharisha hajapata kuona kisima kilichopatia dawa yao ya chumvi na sukari namna ile.

Ukweli niliupata mwezi jana tu, kwa yule binti mpima maji. Alitumbukiza kifaa chake, akatikisa kichwa, akasema: "Babu, huko chini maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Nyinyi wawili mmeyakomba mafuta kwa pupa, na mvua zenyewe ni haba, basi bahari imepanda kushika nafasi." Nikamwuliza, je, tukichimba zaidi? Akajibu, "Mtafika baharini bila nauli." Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanangu, ila mimi niliingia na ndugu yangu, kisha nikamlaumu kwa kulowa.

Ndiyo maana nimemwita, na kinywaji changu cha mwisho nataka kitoke kwake. Karibu, mdogo wangu, usisimame kizingitini kama aliyepotea njia. Nilikusingizia, nisamehe. Nipe hilo jagi nionje.

Mh.

Wanangu, ulimi huu umeonja kila kisima mtaani, nao haudanganyiki: hii ni chumvi ile ile yetu, na juu yake… mdogo wangu! Sukari?

"Ya jagi tu, kaka. Kila mgeni, vijiko vinne. Nilidhani wewe ndiye uliyetia chumvi kwangu, nikaapa hutaifurahia shida yangu."

Miaka kumi na tisa! Nishikeni, nisife kwa kicheko kabla sijamaliza.

Basi shikeni haya. Mtambo urudi ulikotoka. Pampu zote mbili zifungwe, mteke kwa ndoo, na ndoo isiwe ya mashindano. Ukuta ule ubomoeni. Matofali yake mjengee tangi chini ya mapaa haya mawili, maji ya mvua yaingie humo, na yakifurika yaongozeni visimani. Baba yenu mdogo atasimamia. Akikosea mwambieni, msimnunie. Mimi sitayaonja maji hayo yakirudi kuwa matamu, na huenda hata nyinyi msiyaonje. Wapeni wajukuu, waonje kwa niaba yangu.

Nawabariki… mkubwa, nakubariki na haraka zako… Mungu awape subira ya mvua… na ulimi usiosingizia. Msigombane… Chumvi inatosha.

Mdogo wangu, uko hapo? Sogeza jagi… Maji mabaya haya, ndugu yangu… mabaya kabisa… Nipe tena.