Sifuri ya Kusumdanga

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Nirupam. Leo sifungui kipindi kwa muziki. Gostho Bauri wa Kusumdanga amefariki dunia, Alhamisi asubuhi, kwa maradhi ya kifua. Alikuwa na miaka sabini.

Wengi mlimjua kwa kazi moja. Gostho alikuwa wakala wa chama cha kikomunisti katika kituo cha kura cha skuli yetu. Wakala, tangu mwaka 1977. Orodha mapajani, penseli sikioni, bisi za mchele na pilipili mbichi ndani ya kitambaa. Ukiingia, anatia alama. Alitujua sote kwa majina ya baba zetu. Siku moja akaja kijana anataka kupiga kura kwa jina la marehemu. Gostho akamtazama. "Wewe ndiye Kanai? Mbona maiti yako niliichoma mwenyewe mwezi wa tatu?" Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akacheka. Huyo ndiye Gostho. Hakuwahi kuomba cheo. Alitaka kitu kimoja tu: siku akifa, afunikwe bendera nyekundu, kama wanavyofunikwa makomredi wote hapa kwetu.

Sasa sikilizeni hesabu, maana historia ya tawi letu ni hesabu ya kituo kile. Mwaka 1977, kura mia saba na mbili. Waliotupinga ungewahesabu kwa vidole. Chama kikatugawia mashamba ya kina Singharay, matajiri waliotulimisha kwa fimbo. Baba yake Gostho alipigwa uani kwao hadi jicho likatoka, kisa pakacha moja la mpunga. Mwaka 2006, kura mia sita hamsini na tano. Halafu wakubwa wakanenepa, ofisi ikatiwa pazia, maskini akawa anasubiri nje. Mwaka 2011, mia mbili arobaini. Mwaka 2016, thelathini na nane.

Na mwaka 2021 chama kikamsimamisha nani? Mjukuu wa Singharay. Jamani! Singharay yule yule!

Gostho aliinuka mkutanoni. "Makomredi, mkoa mzima mmekosa hata mchunga bata?"

Katibu wa tawi, Anadi Mondal, akamjibu, "Kaka Gostho, dunia imebadilika. Kijana ana gari, ana watu."

Gostho akakaa. Siku ya kura akaenda kwenye benchi lake kama kawaida.

Matokeo ya kituo yakabandikwa. Kura za chama: sifuri. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Sifuri. Kura ni siri, lakini sifuri haina siri.

Anadi akaja mbio kwa Gostho na karatasi iliyopigwa chapa. Bi Shantamoni, mke wa Gostho, alikuwa anapepeta mchele pale pale. Ndiye aliyenisimulia.

"Kaka Gostho, tumewakamata!" Anadi akasema. "Wewe ni wakala wetu, umepiga kura hapa, na mashine ya kura inasema sifuri. Basi mashine imeiba! Tia dole gumba hapa, uape kwamba ulitupigia sisi. Kesho tuko mahakamani."

"Mashine haijaiba. Nilibonyeza kitufe cha mwisho, cha kuwakataa wote."

"Umefanya nini?"

"Umenisikia. Babu yake alimtoa baba yangu jicho, halafu mimi nimpe kura? Na kuapa uongo siapi. Ila hebu niambie, Anadi. Nawe umeandikishwa hapa hapa. Nilikutia alama kwa mkono wangu, saa tatu na nusu. Kura yako wewe iko wapi?"

Bi Shantamoni anasema Anadi aliikunja ile karatasi mara nne, akatoka, akasahau viatu.

Mwezi haukwisha, tawi likamfukuza Gostho. Kosa lake, usaliti. Aliyetoa hoja ni Anadi, na mkono wa kwanza kuinuka ni wa Anadi. Nyani haoni kundule, wasikilizaji. Nasema nikiwa na hasira, na sitaomba radhi.

Alhamisi ile bintiye, Purnima, alikwenda kwa Anadi. "Nilimwambia, Baba mdogo, naomba bendera tu, nitairudisha kabla ya moto. Akanijibu kanuni haziruhusu." Gostho akaenda kuchomwa akiwa amefunikwa shuka jeupe. Bi Shantamoni hakulia. Alisema, "Baba Purnima ameibeba ile bendera miaka arobaini na nne. Wameshindwa kumbebea siku moja."

Bi Shantamoni, Purnima, poleni. Poleni sana. Kijiji kizima kinawapa mkono wa pole.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Mashamba tumekula sote. Juzi mazishini tulimsema Anadi mpaka midomo ikakauka, na kila mtu akawa anamnong'oneza jirani yake, "Mimi lakini niliwapigia." Uliwapigia wapi, na hesabu ni sifuri? Tulipiga kura watu mia tisa kumi na sita siku ile. Ni mmoja tu aliyesema alibonyeza wapi.

Nami nilikuwa kwenye foleni. Gostho alinitia alama, akatabasamu, akasema, "Nirupam, mtoto wa komredi, pita mwanangu." Nikapita. Nikawabonyezea wale waliotuahidi mnara wa redio. Mnara wenyewe ndio huu unaowaletea sauti yangu.