Alojzy Kuczera, Aliyeyasoma Masizi kwa Mwanga

Ndugu, majirani na wenzetu mliofika kumsindikiza, marehemu Profesa Alojzy Kuczera alizaliwa katika mji wa migodi wa Zabrze tarehe 9 Februari 1956, mtoto wa tatu wa Teofil, mchimba makaa, na mkewe Rozalia, na alipokuwa na miaka kumi na mmoja vumbi la makaa lililipuka mgodini, baba yake akaletwa nyumbani katika jeneza lililopigwa misumari ili mama asimwone.

Mwaka 1975 aliingia chuo mjini Wrocław kusomea fizikia, akabaki kufundisha, na Desemba 1981, wakati wa mgomo wa chuo dhidi ya utawala wa kijeshi, askari walivunja milango wakampiga virungu mpaka vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikasagika.

Kazi yake ilikuwa masizi na chembe za kaboni zisizoonekana kwa macho, alizipiga kwa mwali mkali wa leza, zikapata joto la nyuzi zaidi ya elfu tatu, zikawaka nyeupe, naye akapima mwanga ule unavyofifia, kwani chembe ndogo hupoa upesi na kubwa hukawia, hivyo akajua ukubwa wake bila kuzigusa.

Tarehe 30 Juni 1984 alifunga ndoa na Hildegarda, wakajaliwa Jowita na Tymon, na hatutaficha kwamba alikuwa mtu wa hasira, aliyevunja sahani na kugombana hata na aliowapenda.

Tarehe 12 Machi 2019, saa nne asubuhi, gesi ya asetilini, waliyoichoma kupata masizi, ilivuja bombani maabarani, mtungi mmoja ukalipuka, mlango ukang'oka, vioo vikaruka vikichana watu nyuso, na Alojzy alikuwa ameshatoka, koti likimwakia mwilini, alipogundua kwamba Daktari Bogna Reszka amebaki ndani, mwenzake ambaye alikuwa hajasemezana naye kwa miaka miwili kwa ugomvi wa jina la nani litangulie kwenye makala.

Mlinzi, Bwana Wacław, alimkamata kiunoni akipiga kelele, "Profesa, utakufa, mtungi wa pili unashika moto!"

"Niache, yumo ndani!" alijibu, akamvunja pua kwa kiwiko, akaingia, akamburuta Bogna kwa nywele hadi mlangoni, akamsukuma nje, na mtungi wa pili ukampasukia mgongoni.

Alilazwa siku kumi na tisa, Bogna akimjia kila siku na mikono yake ya bandeji, na siku ya mwisho Alojzy alimuuliza, "Vipimo vyetu vya masizi vimepona?"

"Vimeungua vyote, mkaidi wee."

"Basi rudia. Na jina lako litangulie."

Alifariki tarehe 31 Machi, saa nane mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wazima moto, majirani waliotupikia, wenzake wa maabara, na Bwana Wacław, ambaye tunamwomba radhi mbele yenu. Mkuu wa idara hatumshukuru, Alojzy alimwandikia barua tatu kuhusu bomba lile la gesi, hakujibiwa hata moja, na nakala zake jana Hildegarda alizipeleka mwenyewe kwa mwendesha mashtaka.

Lala salama, Alojzy.