Mila ya Mguu Mmoja

Basi la asubuhi kutoka Mvumi lilikuwa na nafasi tele, lakini Wilbert alihamia nyuma ya wanawake wawili ili asikie vizuri. Anitha, mwanachuo, alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake, Bibi Dorkasi, picha za ripoti aliyokuwa akienda kuiwasilisha chuoni siku hiyo, na bibi alikuwa ameng'ang'ania moja.

“Hapa chini umeandika nini, mjukuu wangu?”

“Kwamba Wagogo husimama kwa mguu mmoja wanapolinda ng'ombe. Unaona, bibi? Wote watatu.”

“Huyu wa mbele ni mume wangu. Alichomwa mwiba, akawa ananisubiri nilete pini. Na hao ng'ombe ni wa jirani.”

Wilbert akakohoa ili asicheke. Anitha akauliza, sauti imeshuka, “Na hawa wawili? Nao walichomwa?”

“Hao kaka zangu, wanamwigiza. Shemeji yako achomwe mwiba umwache hivihivi?”

“Lakini bibi, sura yangu ya tatu yote imesimama juu ya mguu huu! Mwalimu ameisifia.”

“Mwambie mwalimu mguu ulipona siku ileile.”

Anitha akasema picha haidanganyi. Bibi akajibu kwamba picha haikudanganya, ila haikuuliza. Wilbert, aliyezoea kuamua kesi za wenzake kimoyomoyo, safari hii alishindwa.

Basi likasimama getini kwa chuo. Kondakta akaita mara mbili. Anitha akainuka na ripoti yake, akafika mlangoni, akarudi kuketi.

“Kaka zako, bibi,” akasema akifungua kalamu, “majina yao nani?”