Fundi Nyuzi na Kodi Arobaini na Tatu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea safari ya baba yetu, mliyemwita Fundi Nyuzi, aliyezaliwa Jumapili tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mwalimu wa chekechea, na shangazi yetu mkubwa anasema alilia kwa sauti ambayo hata mkunga aliuliza huyu kafuata ya nani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akapata cheti cha useremala tarehe 3 Desemba 1976, akaajiriwa kiwanda cha samani hadi kilipofungwa mwaka 1989, ambapo wenye vyeti virefu kuliko chake walienda nyumbani kusubiri kuitwa, na wengine wanasubiri hadi leo, lakini yeye Januari 1990 alifungua karakana ya magitaa nyuma ya chumba cha kushonea cha mama yetu, aliyemuoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa nesi, fundi umeme, na kitinda mimba mwenye shahada na wakati wa kutosha, ndiyo maana historia hii kaandikishwa yeye.

Machi 1992 kiongozi wa bendi alimletea gitaa libadilishwe shingo, naye, rula yake ikiwa imevunjika, akapima kwa futi kamba ya mama, ambayo miaka ya kuzungushwa viuno vya wateja ilikuwa imeivuta upande wa mwanzo tu, hivyo vyuma vya shingo vinavyogawa sauti vikakaa kombo, na mwenye gitaa alipolipiga akasema hili linaumwa meno, fundi, mimi silitaki. Baba alimtengenezea jingine, hilo akabaki nalo, akachagua humo sauti saba, mbili kati yake zikiwa karibu mno hadi zinakwaruzana, akaanza kuziundia kodi, yaani yale mashiko ya vidole yanayotoa sauti kadhaa kwa pamoja. Alichukua sauti moja, akaruka moja, akachukua inayofuata, kama wafanyavyo wote, ikatoka kelele, mpaka alipogundua kwamba sauti zinazogombana ukiishusha moja kwenye uzi mnene zinapatana, kwa kuwa, alisema, hata mawifi ukiwapa vyumba mbalimbali watapika pamoja.

Kila kodi aliipa jina la mtu wa mtaani, kuna Mwenye Nyumba, kuna Shemeji Kafika, na waliopo hapa wanajijua, na mama kwa miaka ishirini na tisa alimuuliza kupitia dirishani, baba watoto, hilo gitaa lina kesi gani, mbona halitoki mahakamani?

Tarehe 9 Juni 2021 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, wakati daftari lake lina kodi thelathini na sita na nyingine saba zimo vidoleni tu, hajaziandika, na hilo ndilo lililomliza, siyo kitanda. Wapiga gitaa wawili walikuja kumbonyezea nyuzi, mmoja akasema kodi hizo zitamharibia mkono wake mwenyewe, wa pili hakurudi. Ndipo mama, asiyejua hata uzi wa juu ni upi, alipovuta stuli akakaa kushotoni kwake, akabonyeza kwa vidole vilivyokomazwa na sindano, baba akipiga kwa mkono wa kulia na kusema panda, shuka, siyo hapo bibi wee, naye akijibu bonyeza mwenyewe basi, wakacheka, wakaendelea, miezi minane. Ya arobaini na tatu iliandikwa tarehe 11 Februari 2022, na mama alipoisikia hakuuliza kesi, aliomba irudiwe.

Alizidiwa Februari 2024, akafariki Jumamosi tarehe 17, saa nne asubuhi, mama akiwa pembeni.

Tunamshukuru daktari aliyetueleza ukweli bila haraka, mama wa mazoezi ya viungo aliyekuja hata siku za mvua, majirani waliovumilia sauti zile na kuzipigia hodi mara mbili tu, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili na kulipima kwa rula, na zaidi ya wote tunamshukuru mama, kwa sababu baba aliondoka hana deni na kichwa chake.

Pumzika, Fundi Nyuzi, mikono yako yote miwili itulie.